Odoardo Beccari na Ua la Mzoga

Ukitaja maua, mtu hukumbuka asumini au kilua. Lakini liko ua ambalo wenyeji wa Sumatra huliita ua la mzoga, na aliyelijulisha kwa wataalamu wa Ulaya ni Mwitalia, Odoardo Beccari.

Alizaliwa Florence mwaka 1843. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, na baba yake mwaka 1849, akalelewa na mjomba wake. Alisoma Pisa na Bologna, kisha mwaka 1865 akasafiri mpaka Sarawak, katika kisiwa cha Borneo, akakaa miaka karibu mitatu akikusanya mimea. Baadaye alifika New Guinea, na hata Eritrea.

Mwezi wa Agosti 1878, katika msitu wa Sumatra, alikuta mmea wenye jani moja tu, nalo kubwa kama mti mdogo. Kiazi chake kilipochimbwa, watu wawili walikibeba kwa taabu. Ua lake huweza kufikia mita tatu, ingawa kwa kweli ni maua madogo mengi yaliyojificha pamoja mahali pamoja. Huchanua baada ya miaka mingi, kwa siku mbili tatu tu. Likichanua hupata joto, na joto hilo hueneza uvundo, ili wadudu wapendao mizoga waje na kuchukua chavua. Uvundo kwetu, kwao ni mwaliko wa karamu!

Beccari alipeleka Ulaya viazi na mbegu. Viazi vilizuiliwa bandarini Marseille, kwa sheria ya kuzuia mdudu aliyekuwa akiangamiza mizabibu. Mmea huu hauna udugu wowote na mzabibu, lakini sheria ni sheria, viazi vikafa. Zikabaki mbegu tu. Bahati njema zikaota katika bustani ya Corsi Salviati, karibu na Florence, na mche mmoja ukapelekwa bustani ya Kew, London. Watunzaji wakangoja miaka kumi. Mwezi wa Juni 1889 ukachanua, na harufu yake ikawa vile vile kama ilivyokuwa msituni.

Beccari alitumia miaka yake ya mwisho kuchunguza jamii ya mitende na minazi. Mwaka 1917 aliandika juu ya asili ya mnazi, akiwapinga waliodai kwamba ulitoka Amerika. Alifariki mwaka 1920, na sehemu ya kazi yake juu ya miti hiyo ikachapwa mwaka 1955.