Joy Adamson, Mama wa Simba na wa Rangi

Wanachama wenzangu, ukitaja Joy Adamson kila mtu hukimbilia simba Elsa. Hata mimi nilikuwa hivyo, mpaka siku tulipozuru Jumba la Makumbusho la Nairobi nikaona picha alizochora. Kumbe huyu mama alianza na brashi!

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Opava, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki. Aliitwa Friederike Gessner. Alifika Kenya mwaka 1937. Mume wake wa pili, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea, na ndiye aliyempa jina Joy. Walipokuwa safarini pamoja akaanza kuchora maua ya mwituni. Mwaka 1944 aliolewa tena, mara hii na George Adamson, ofisa wa wanyamapori.

Baadaye serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa Kenya katika mavazi yao ya asili, maana yalikuwa yakipotea. Alizunguka nchi miaka kadhaa, akachora mamia ya picha. Lakini jamani, si utawala huohuo, pamoja na misheni, uliowafanya watu wengi wayaone mavazi hayo kuwa ya kishenzi? Hapo niliudhika kidogo. Hata hivyo nilisimama mbele ya picha ya Mmasai nikanakili rangi za shanga, moja moja, hadi mwalimu akaniita garini.

Elsa alikuja mwaka 1956, George alipompiga risasi simba jike na kukuta ameacha watoto watatu. Joy alimlea Elsa, akamrudisha porini, na kitabu chake cha 1960 kikasomwa duniani kote. Elsa alikufa 1961. Joy mwenyewe aliuawa Shaba tarehe 3 Januari 1980. Kwanza ilisemekana ni simba, kumbe ni binadamu. Aliyekuwa mfanyakazi wake alihukumiwa. Wengi waliomjua walisema alikuwa mkali sana kwa watu.

Nilipofika nyumbani hapa Matasia nilimwonyesha nyanya karatasi yangu. Aliangalia zile rangi, halafu akaniuliza aliyechorwa ni nani, na ni mtoto wa nani. Nikanyamaza. Rangi nilizinakili zote, jina hata sikulitafuta.

Babu naye akadakia kwamba zamani pundamilia walilisha papa hapa chini ya vilima vya Ngong. Siku hizi ni ploti, nyumba za mawe na seng'enge hadi barabarani. Hao pundamilia wa Matasia sijaona aliyewachora.

Jioni hiyo nyanya alifungua sanduku lake la bati, akatoa herini ambazo hajazivaa tangu nizaliwe. Nimezichora kwa rangi za shule. Chini yake nimeandika jina lake, na jina la baba yake.