Kadi ya Philip Omondi

Wanachuo wenzangu, kwetu Mandewa, Singida, watoto wanazijua kadi za wachezaji: Messi, Ronaldo, Mbappé, walewale. Likizo iliyopita mimi na wadogo zangu tukaamua kutengeneza za kwetu. Tulikata manila, mbele tukachora sura, nyuma tukaandika maisha ya mtu kwa kifupi. Sharti lilikuwa moja tu: awe mchezaji wa Afrika Mashariki ambaye watoto wa mtaani hawamjui. Mimi nilimchukua Philip Omondi wa Uganda. Nyuma ya kadi nafasi haikutosha, ndiyo maana namleta hapa.

Omondi alizaliwa 1957. Jina lake la Kijaluo hupewa mtoto aliyezaliwa asubuhi mapema, na kwenye soka kweli aliwahi. Katika miaka ya 1970, akiwa bado kijana kabisa, alishakuwa mshambuliaji wa KCC, timu ya jiji la Kampala, na wa timu ya taifa.

Machi 1978, akiwa na umri wa wengi wetu hapa chuoni, alikwenda Ghana kwenye Fainali za Mataifa ya Afrika. Enzi hizo zilishiriki timu 8 tu. Uganda iliifunga Kongo 3-1, ikachapwa na Tunisia 3-1, halafu ikaitandika Morocco, bingwa mtetezi, 3-0. Nusu fainali ikaitoa Nigeria 2-1, Omondi akiwa mmoja wa wafungaji. Fainali wenyeji walishinda 2-0, mabao yote ya Opoku Afriyie. Lakini Omondi aliondoka na mabao 3, sawa na Afriyie na Segun Odegbami wa Nigeria, hakuna aliyewazidi. Mwaka huohuo KCC wakabeba kombe la klabu bingwa Afrika Mashariki na Kati. Si mchezo!

Sasa hapo ndipo mzee mmoja jirani yetu aliponiuliza, kwa nini nampamba Mganda wa 1978? Swali lake lina uzito. Oktoba mwaka ule majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, watu wetu wakauawa, na vijana wa huku kwetu pia wakaenda vitani. Nilimjibu kwa heshima kwamba Omondi hakuamuru jeshi, alifunga mabao. Tukimfuta yeye kwa sababu ya Amin, tutakuwa tumempa Amin hata kile ambacho hakikuwa chake. Mzee hakusema kitu, ila kadi aliishika muda mrefu.

Baadaye Omondi alicheza Sharjah, kule Falme za Kiarabu, akarudi KCC, na mwishowe akawa kocha wa klabu hiyohiyo. Alifariki Aprili 1999, akiwa na miaka arobaini na kitu tu. Uganda ilikuwa bado haijarudi kwenye fainali zile. Ilirudi 2017, baada ya miaka 39. Kwa hiyo vizazi viwili vya Waganda walikua wakiwa na fainali moja tu ya kusimuliana, na jina lake limo ndani yake.

Nyuma ya kadi niliandika hivi: mabao 3, fainali 1, klabu yake KCC. Kombe la Afrika hakulipata, na kadi tumempa hivyohivyo. Nawe msomaji, kwenu yupo nani anayestahili kipande cha manila?