Mwalimu Nyerere na bili ya hospitali

Mgonjwa akifika dirishani hapa Nzuguni huulizwa jina, kisha huulizwa kama ana bima. Wazazi wetu hawakulizoea swali hilo la pili.

Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Mwaka 1949 alikwenda kusoma Edinburgh, mwaka mmoja tu baada ya Uingereza kuanza kuwatibu watu wote kwa fedha za kodi. Marekani haikufuata njia hiyo. Huko wafanyakazi wengi walipata bima kupitia kwa mwajiri, na serikali ilianza kuwabeba wazee na maskini mwaka 1965. Kwa Waingereza mgonjwa haogopi bili, ila foleni huwa ndefu. Kwa Wamarekani mwenye bima nzuri hutibiwa haraka, na asiyenayo anaweza kurudi nyumbani na deni.

Nyerere alichagua matibabu bila malipo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, zahanati zilijengwa vijijini. Mwaka 1973, mwaka ule ule TANU ilipoamua Dodoma iwe makao makuu, ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwa vikundi kusikiliza redio, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake bora katika afya, maana mtoto asiyeugua kuhara hahitaji bili wala bima.

Mwaka 1977 hospitali binafsi za biashara zilipigwa marufuku. Za misheni, kama Mvumi, ziliendelea. Hapo nadhani alikosea. Serikali ilijitwika mzigo wote, na muda si mrefu vita vya Kagera na bei ya mafuta vikamaliza fedha. Matibabu yalibaki bure, lakini dawa hazikuwepo, na mzazi alizitafuta mwenyewe.

Aling'atuka urais mwaka 1985. Uchangiaji wa gharama ulianza mwaka 1993.

Alifariki kwa saratani ya damu tarehe 14 Oktoba 1999, katika hospitali ya St Thomas', London. Mwaka huohuo Bunge lilitunga sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya: mtumishi wa serikali akatwe asilimia 3 ya mshahara, mwajiri aongeze 3. Mkulima asiye na mshahara alisubiri sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii, iliyokuja mwaka 2001.