Joginder Singh na Gari Lililoachwa

Kutoka Embu kwenda Meru ni safari ya kuvuka mito. Ukishauacha mji wa Embu, huvuki mmoja ila wa pili unakungoja: Ena, Thuchi, Nithi, Mutonga, yote ikiteremka kutoka Mlima Kenya kwenda kuutafuta mto Tana. Sisi watu wa pwani tuliolelewa kwenye nchi tambarare hatuna ujasiri wa miteremko ile. Gari likiinama kuelekea daraja la Nithi, mtu hujikuta anasoma kila aya aliyofundishwa chuoni.

Nilipita njia hiyo mwaka juzi, kwenda kumzika jamaa yetu mtaa wa Mjini, huko Meru, mahali ambapo Waswahili wamekaa na kuzikana tangu zama za ukoloni. Gari letu lilifika likivuja maji. Kesho yake, baada ya hitima, nikamsindikiza dereva kwa fundi.

Nyuma ya gereji ile, chini ya mparachichi, palilazwa gari kuukuu la Kimarekani, refu kama jahazi lililopwelewa. Boneti imeondolewa, injini yake ya silinda nane i wazi, na kuku alikuwa ametaga kwenye kiti cha nyuma. Fundi mwenyewe ni mzee wa Kimeru, aliyejifunza kazi utotoni kwa Singasinga mmoja. Alikuwa amelinunua kwa bei ya chuma chakavu na huo ulikuwa mwaka wake wa tatu akilifufua, akitafuta kipuri hiki hapa na kile kule. Nilimwuliza sababu ya kujitaabisha na mkweche ambao wenyewe wameutupa. Hakunieleza mengi. Alimtaja Joginder Singh tu, akarudi kwenye spana zake, kana kwamba jibu limekwisha.

Kwa watu wa rika langu, kweli jibu lilikuwa limekwisha. Tulipokuwa watoto, kila kigari cha waya kilichosukumwa vichochoroni kiliendeshwa na Joginder, na dereva wa basi akizidisha mwendo, akina mama walimwuliza kwa ukali kama yeye ni Joginder. Lakini vijana wa leo wanalijua jina bila ya kumjua mtu, na ndiyo maana nimeona nimweleze.

Alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932. Baba yake alikuwa ametoka Punjab, akafungua gereji kule kwenye mashamba ya chai, na mtoto akakua na harufu ya grisi. Hakuwa mtoto wa tajiri aliyenunuliwa gari ili achezee. Alikuwa fundi kwanza. Mwaka 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi yake kuzunguka barabarani na kuwasaidia waliokwama. Mimi naona chuo chake kilikuwa hapo: mtu anayeshinda mchana kutwa akitazama magari ya wengine yalivyovunjika, huyo anajua ni wapi lake litavunjika.

Mashindano ya Safari yalikuwa yameanza mwaka 1953. Yalikimbiwa wakati wa Pasaka, ambao kwetu ni wakati wa masika, na mara nyingi njia yake iliuzunguka Mlima Kenya kwa kupitia Meru na Embu. Enzi hizo lami haikuwa imefika huko. Ilikuwa ni udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha huwa sabuni, na udongo mweusi unaokamata gurudumu kama ulimbo. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena. Joginder alikuwa miongoni mwa saba wa mara zote mbili.

Sasa nije kwenye kisa ambacho kwa yakini ndicho alichokuwa akikidokeza yule mzee wa Meru.

Mwaka 1964 Wamarekani walileta Afrika Mashariki magari ya Mercury Comet, ya silinda nane na injini inayokaribia lita tano, wakiwa na fedha na vipuri vya kutosha. Joginder akapewa moja aliendeshe. Yale majitu yalikuwa na nguvu za ajabu, lakini nguvu kwenye tope ni kama kelele kwenye maji. Katika kundi lote la Comet yalifika mwisho mawili tu, na la Joginder lilikuwa la 21, yaani la mwisho kabisa kati ya yaliyomaliza. Ushindi ulikwenda kwa Ford Cortina, gari dogo lililoendeshwa na Peter Hughes wa Kenya.

Katika Safari hiyo hiyo kampuni ya Volvo ya Sweden nayo ilileta magari yake, aina ya PV544. Ukiliona lilivyo, mgongo wa duara kama kobe, utadhani ni gari la Kimarekani la miaka ya arubaini lililofuliwa likaruka. Na kwa kweli umbo lake lilifuata mtindo huo. Mashindano yalipokwisha, moja likabaki Nairobi. Lilikuwa limekwisha kupigwa na mawe ya nchi tatu, na wenyewe walikuwa wamemaliza haja nalo.

Joginder na ndugu yake Jaswant wakalichukua. Hapa ndipo watu hupita haraka wanaposimulia, wakakimbilia kikombe, na mimi sitaki kupita haraka. Gari lililokwisha kukimbizwa Safari moja si gari la kupaka rangi tu. Linataka kuvuliwa nguo zote: injini ishushwe, kila beringi itazamwe, springi na shokomzoba zibadilishwe, bodi ichunguzwe kwa vidole mahali ilipoanza kupasuka kimyakimya. Injini yenyewe ilikuwa ya silinda nne, lita moja na pointi nane, chini ya nusu ya ile ya Comet. Hao ndugu wawili hawakuwa na kiwanda nyuma yao. Walikuwa na mikono yao na elimu ya gereji ya baba yao.

Pasaka ya 1965 waliondoka Nairobi wakiwa gari namba moja. Wengine huona hiyo ni bahati, kwa kuwa barabara bado haijachimbwa. Lakini wa kwanza hana alama ya gurudumu ya kufuata, na kila mto uliofurika yeye ndiye wa kuujaribu kina. Walitangulia kuondoka na wakatangulia kurudi, wakamwacha wa pili kwa saa moja na dakika arubaini. Jaswant, aliyekaa kiti cha pembeni, hatajwi sana, nami naona amedhulumiwa.

Tangu 1953 hakuna dereva mkuu aliyekuwa ameshinda Safari ila Wazungu. Na mwaka huo haukuwa mwaka wa kawaida. Kenya ilikuwa na uhuru wa mwaka mmoja na miezi michache, na Wahindi walikuwa wamepewa miaka miwili tangu Desemba 1963 waamue kama watajiandikisha kuwa raia. Wengi walikuwa njia panda, na wenyeji nao wakiwatazama kwa jicho la kuuliza. Ndipo akatokea kijana wa Kericho mwenye kilemba na ndevu, ametapakaa tope, na umati ukamwita Simba. Magazeti ya Kiingereza yalimwita Singasinga arukaye. Mimi nalipenda jina la wananchi, kwa sababu lilimtaja kuwa wao.

Alishinda tena mwaka 1974 kwa Mitsubishi Lancer, pamoja na David Doig, akaliacha nyuma gari la Porsche la Björn Waldegård. Na mara ya tatu mwaka 1976, Lancer zilipochukua nafasi zote tatu za mbele. Hapana aliyekuwa ameshinda mara tatu kabla yake. Kati ya 1959 na 1980 aliingia Safari mara 22, akamaliza 19. Mwenye kutaka kumpima asihesabu vikombe. Ahesabu hizo 19. Alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81.

Gari letu lilipokuwa tayari, nilirudi chini ya mparachichi kuaga. Mzee alikuwa amekifungua kile kikabureta cha Kimarekani kipandekipande, akikiosha kwa petroli ndani ya kopo la Blue Band, na vijana wawili wamechutama wakimtazama. Vali moja alikuwa bado hajaipata, na alisema kuna mtu Embu anayedhani anayo. Adhana ya alasiri ilipaa kutoka Mjini. Nikamwombea heri, naye akanipa kiwiko nikishike, maana mikono yote miwili ilikuwa na mafuta.