Mwalimu Nyerere na Tumaini la Mkristo Mbele ya Kifo

Kila tunapokutana, wazee kwa vijana, jina la hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere halikosi kutajwa. Tunamsifu kwa Uhuru na kwa Azimio la Arusha. Ni mara chache tunamtazama kama Mkristo aliyejua kwamba naye atakufa na kutoa hesabu.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili, 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na Mama Mgaya. Jina la Kambarage ni la mzimu wa mvua. Kwa Wazanaki wa siku hizo waliokufa hawakuwa wametoweka. Waliheshimiwa na kuombwa. Mafundisho ya Ukristo aliyapata baada ya kuanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Baba yake alifariki mwaka 1942. Tarehe 23 Desemba, 1943, akiwa mwanafunzi wa Makerere, alibatizwa katika misheni ya Nyegina. Hakubebwa mgongoni kwenda kubatizwa. Alichagua mwenyewe, akiwa mtu mzima.

Kanisa linafundisha kwamba katika ubatizo mtu hufa pamoja na Kristo ili afufuke pamoja naye. Wapo wanaodhani kwamba mwenye tumaini hilo huyaacha ya dunia. Mwalimu hakuona hivyo. Mwaka 1970, akizungumza na Masista wa Maryknoll huko New York, alilitaka Kanisa liwe upande wa maskini na kupinga yanayowadhalilisha, ama sivyo watu wataliona halina maana kwao.

Anayeamini hukumu hana sababu ya kujificha. Mwaka 1984 Mwalimu alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Mwaka uliofuata aling'atuka katika urais. Katika miaka ya ustaafu alizitungia tenzi Injili zote nne na Matendo ya Mitume, zikachapishwa mwaka 1996.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba, 1999, kwa saratani ya damu. Tarehe 23 alizikwa Mwitongo, Butiama, walipolala wazazi wake. Imani mpya haikumtenga na wazee wake. Ilimpa tumaini la kuonana nao.

Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilifungua rasmi shauri la kumtangaza mwenye heri, naye akaitwa Mtumishi wa Mungu. Wengine walifurahi. Wengine waliuliza: na wale waliohamishwa kwa nguvu wakati wa operesheni ya vijiji? Swali hilo ni la haki, wala si la kukasirikia. Kanisa lenyewe huchunguza kwa miaka mingi kabla ya kutamka. Tena Wakatoliki huwaombea marehemu wao, kwa sababu wanaamini kwamba hata mtu mwema anahitaji huruma ya Mungu.

Vijana mlioko madarasani, mtakapopita Bunda kuelekea Musoma, ingieni Butiama. Msimamapo kaburini, msimfanye Mwalimu malaika. Alikuwa mtu, alitenda mema mengi, alikosa na akakiri. Tumaini la Mkristo halimhitaji marehemu asiye na doa. Linamtegemea Mungu anayesamehe, nalo linatudai sisi tulio hai tutende haki kungali mchana.