John Marshall na mahakama za aina mbili

John Marshall alizaliwa Virginia mwaka 1755, mtoto wa kwanza kati ya watoto 15. Alipigana vita vya uhuru dhidi ya Uingereza, akasomea sheria kwa muda mfupi, kisha akawa wakili mashuhuri mjini Richmond. Alikuwa pia mmiliki wa watumwa wengi. Mwaka 1801 Rais John Adams alimteua kuwa Jaji Mkuu wa Marekani. Alikalia kiti hicho miaka 34, hadi kifo chake mwaka 1835. Hakuna rais aliyeweza kumwondoa, kwa kuwa Katiba huwapa majaji wa taifa kazi ya maisha ili wasimwogope mtawala.

Wengi humkumbuka kwa kesi ya Marbury ya mwaka 1803. Sisi tuitazame ile ya mwaka 1828. Meli iliyobeba pamba kutoka New Orleans ilikuwa imevunjika pwani ya Florida, nchi ambayo Marekani iliipata kutoka Hispania na ambayo haikuwa bado jimbo. Pamba iliyookolewa ilipelekwa Key West. Huko baraza la notari mmoja na raia watano, lililoundwa kwa sheria ya Florida yenyewe, liliamuru iuzwe kwa mnada na waokoaji walipwe asilimia 76. Kampuni za bima zilidai marobota 356 kutoka kwa mnunuzi, Canter. Hoja yao: kesi za bahari ni za majaji wa maisha peke yao.

Marshall aliwakatalia. Hata mahakama za juu za Florida, zilizowekwa na Bunge la Marekani, zilikuwa na majaji wa miaka minne tu. Basi, alieleza, hizo si mahakama za Katiba, bali ni mahakama za Bunge, zilizotokana na mamlaka yake ya kutawala maeneo yasiyo majimbo.

Neno ni lile lile, mahakama. Kivumishi kimoja kikaligawa. Canter alibaki na pamba yake. Florida ikawa jimbo mwaka 1845, lakini mgawanyo ule haukufa: hata leo majaji wa mahakama za Marekani huko Guam na Visiwa vya Virgin huteuliwa kwa miaka 10. Kinga iliyomlinda Marshall miaka 34 haijawafikia.