Joseph Thomson na Ziwa Rukwa

Joseph Thomson alizaliwa Uskoti mwaka 1858, akasomea elimu ya miamba. Mwaka 1879 kiongozi wa msafara wake, Keith Johnston, alifariki Behobeho. Thomson, kijana wa miaka 21, hakurudi nyuma. Aliendelea mbele pamoja na Chuma, mkuu wa wapagazi. Mwaka 1880 aliliona Ziwa Rukwa kutoka milima ya Ufipa. Wafipa walilijua tangu zamani. Alifariki mwaka 1895.

Ziwa hili halina mto utokao. Mvua hulijaza; kiangazi jua hugeuza maji kuwa mvuke, nalo hupungua. Thomson alikuwa mpita njia. Wewe waweza kuchunguza majira yote. Kila mwezi chora ukingo wa ziwa au bwawa la kwenu, kisha linganisha michoro yako.